Karanga hata zikiiva aleji iko palepale

Dada umeuliza kama mtoto mwenye aleji ya karanga anaweza kula mlenda wa karanga ukichemshwa sana, hapana, kuchemsha hakuondoi aleji, protini yake inavumilia moto na zikikaangwa ndo inaweza kuwa kali zaidi, kwa hiyo huo mlenda wa bibi wa Krismasi hata uchemke saa zima mtoto asionje. Mi wangu ana hiyo shida na sikukuu tunaendaga Kongwa, karanga wanatia karibu kila mboga, mlenda, mchicha, kisamvu, sa hivi nampakulia yeye wa kwanza kabla watu hawajaanza kujihudumia maana kilichotuponza mwaka ule ni upawa tu jamani, ulitoka kwenye mchicha wa karanga ukaingia kwenye maharage yake. Mafuta ya alizeti poa, ila kama ni ya kukamua mtaani uliza kwanza kama mashine hiyohiyo haikamui na karanga. Na piriton, ile dawa ya aleji, inatuliza muwasho tu, ukiona anahema kwa shida au ulimi unavimba usikae kusubiri ifanye kazi, mkimbize hospitali akachomwe adrenalini.