Puli au bolingi: ugumu uko wapi?

Mchezo wa puli, ule wa kugonga mipira mezani kwa fimbo iingie mashimoni, niliujua Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, nilipokuwa karani wa wakala wa forodha. Madereva wa malori hukaa pale saa nyingi wakisubiri karatasi zao, na jioni ikifika, meza iliyo chini ya bati haikosi wachezaji. Bolingi, yaani kuviringisha mpira sakafuni ili kuangusha vigingi, niliijua miaka mingi baadaye, nilipohamia Kampala. Vijana wa ofisini huniuliza mara kwa mara ni upi kati ya michezo hii miwili ulio mgumu zaidi kuumudu, na jibu langu ni puli. Hata hivyo, ugumu wa michezo hiyo si wa aina moja, na anayefanya mazoezi ya mmoja kwa mtindo wa mwingine hupoteza fedha zake bure, kama nilivyozipoteza mimi.

Siku yangu ya kwanza ya bolingi niliangusha vigingi vyote 10 kwa mrusho mmoja, nikajiona fundi. Mipira miwili iliyofuata iliishia mferejini. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba bolingi humpokea mgeni kwa ukarimu, kisha humdai. Kutoka kwenye mstari wa kurushia hadi kigingi cha mbele ni mita 18 na zaidi kidogo, vigingi husimama palepale kila mara, na hakuna mpinzani anayegusa mpira wako. Kinachobadilika ni mwili wako. Mkono ukikosea kwa nyuzi 1 tu, mpira hufika sentimita 30 na ushei kando ya pale ulipolenga. Kwa hiyo mazoezi yake ni ya kurudia mwendo uleule wa miguu na bega mpaka mwili uuzoee, huku macho yakilenga mishale iliyochorwa sakafuni, karibu mita 4 na nusu kutoka kwenye mstari, wala si vigingi vilivyo mbali. Yako pia mafuta yanayopakwa juu ya njia, ambayo huyaoni na ambayo huamua mpira utapinda kiasi gani, lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asijisumbue nayo. Arushe mpira ulionyooka.

Ajifunze badala yake kumaliza kigingi kilichobaki, yaani spea, neno ambalo kule Malaba lina maana ya vipuri tu. Hesabu yake inashangaza: ukiangusha vigingi 9 katika kila zamu kati ya zamu 10, na kile kimoja ukikikosa kila mara, unapata pointi 90; lakini ukikiangusha kila mara kwa mrusho wa pili, kwa kuwa spea huongezewa vigingi vya mrusho unaofuata, huku mrusho wa nyongeza wa mwisho nao ukiangusha 9, unapata 190, bila kuangusha vyote kwa mrusho mmoja hata mara moja.

Puli haina ukarimu huo hata kidogo. Kila pigo huacha meza mpya ambayo hujawahi kuiona, na ukikosa, mpinzani huinuka kukuharibia. Mimi huifananisha na omweso, bao la Waganda, ambapo kete unazoziona mbele yako si kitu kama hujui zitakuwa wapi baada ya mzunguko. Kwa miaka miwili nilijitahidi kuingiza mipira tu, nikawa naingiza mitatu, minne, kisha najikuta mpira mweupe umejificha nyuma ya mipira ya mwenzangu. Dereva mmoja wa Mombasa, mtu mzima, alinifunga mara tano mfululizo bila kupiga pigo hata moja la kustaajabisha, halafu akaniambia, "Mwanangu, wewe watazama mpira uingiao, mimi natazama huu mweupe unaobaki." Nilianza kujifunza upya usiku huohuo.

Mambo mawili yalinisaidia. Pigo likiwa limenyooka, na mpira mweupe ukigonga mwenzake huku unateleza bila kubingirika, husimama palepale. Ukiwa unabingirika na ukaugonga mpira mwingine kwa nusu yake tu, huchepuka kwa takriban nyuzi 30 kutoka kwenye njia yake ya awali, na ukishalijua hilo unaweza kuanza kupanga pigo linalofuata. Lakini meza za mitaani zina tabia zake. Katika nyingi zinazotumia sarafu, mpira mweupe hutofautiana kidogo na mingine ili mashine iweze kuutenga na kuurudisha. Palipowekwa ulio mdogo zaidi, hurudi nyuma kwa urahisi ila husita kuufuata mwenzake. Meza yetu ya Malaba ilikuwa na kipande cha boksi kilichokunjwa chini ya mguu mmoja, na mpira uliopigwa taratibu ulijikunja kuelekea shimo la kona lililo upande wa choo. Wenyeji tulilijua hilo. Wageni walilipia soda kwa kutolijua.

Tatizo la kufanya mazoezi kwenye meza ya sarafu ni kwamba mpira ukishaingia haurudi mpaka ulipe tena. Sisi tulimwomba mwenye meza ruhusa, tukaziba mashimo kwa magazeti yaliyokunjwa, na kwa sarafu moja ya shilingi 500 tukacheza mipira mitatu ileile kwa saa nzima, tukihesabu tu mpira mweupe ulisimama wapi. Omba mapema jioni, kabla wateja hawajapanga sarafu zao ukingoni kushika zamu.

Nafuu ya namna hiyo bolingi haina. Meza ya puli ipo karibu katika kila kituo cha biashara nchini Uganda, ilhali njia za bolingi ni chache mno, na jioni moja ya mchezo huo Kampala ilinigharimu sawa na puli ya mwezi mzima. Ndiyo maana simshauri anayeishi mbali na jiji kuanza nao. Anayeweza kufika, achague mpira ambao kidole gumba kinatoka bila kuvutwa, hata kama ni mwepesi kuliko wa rafiki zake, na avae soksi, kwa sababu viatu ni vya kukodi.