Re: Msalaba wa Brigid unalegea katikati, nyasi zinakatika

Salama mkuu. Kwa hiyo umealikwa kwa jirani hapo Galway, Ireland, tarehe 1 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Brigid wa huko, unataka umpelekee msalaba wake wa nyasi uliousuka mwenyewe, ila nyasi zinakatika ukikunja na kati panalegea. Cheki kwanza nyasi zenyewe, nahisi zimekauka. Zile ndefu za kijani za kwenye majimaji zing'oe siku hiyohiyo, kama zimeshakaa ziloweke usiku kucha. Mi mwaka wa kwanza nilitumia mirija ya soda, watoto walifurahi lakini si kitu cha kumpelekea mtu.

Kulegea sasa: moja inasimama wima, ya pili ikunje katikati iikumbatie, zungusha kazi yote robo, kunja nyingine ikumbatie iliyotangulia, zungusha tena upande uleule, na kila mara vuta ikaze huku kidole gumba kimebana pale kati, ukiachia tu umeharibu. Zikifika kama 16 funga ncha nne kwa uzi ndo ukate zilingane. Gundi achana nayo. Wairelandi wenyewe wanautundika juu ya mlango, eti unakinga nyumba na moto.

Halafu muulize jirani kakualika siku ipi hasa, maana tangu 2023 kuna mapumziko ya Brigid na mara nyingi yanaangukia Jumatatu ya kwanza ya Februari.