Kauri: ipindue kwanza, tazama mdomo

Kauri ni konokono kweli? Mbona haina msokoto? (Kigamboni)

Ni konokono kamili, wa familia ya Cypraeidae. Msokoto upo, ila umefukiwa. Kauri changa ina gamba jembamba, mdomo mpana na ncha ya msokoto iliyo wazi, ndiyo maana wengi huiokota wakadhani ni konokono mwingine kabisa. Ikikomaa hairefuki tena: ukingo wa mdomo hujikunja kwa ndani, meno huota pande zote mbili, na mdomo hubaki ufa mwembamba toka ncha hadi ncha. Tabaka mpya za gamba huuzika msokoto. Kata gamba tupu kwa msumeno mwembamba, utauona.

Nina kete (kauri ndogo) mbili za manjano. Nitazitofautishaje? (Mbagala)

Yenye pete ya rangi ya dhahabu mgongoni na umbo la yai ni *Monetaria annulus*. Yenye vinundu ubavuni, imebenuka kama ina kona, ni *Monetaria moneta*. Usitegemee rangi peke yake: gamba lililosuguliwa na mchanga hupoteza manjano yote na kubaki zambarau. Hapo fuata umbo. Ukikuta lebo ya zamani imeandikwa *Cypraea moneta*, ni konokono yuleyule. Mwanasayansi Linnaeus mwaka 1758 aliziweka kauri zote jenasi moja (kundi la jina la kwanza), baadaye zikagawanywa. Kauri kubwa ya madoadoa, *Cypraea tigris*, imebaki na jina lake.

Niliisafisha kwa siki na ndimu, ikapauka. Itarudi? (Kinondoni)

Hairudi, na inasikitisha. Gamba ni kalsiamu kaboneti, na asidi huila. Ule mng'ao aliuweka mnyama mwenyewe: nyama yake laini hutoka mdomoni kama joho, hupanda mbavu zote mbili na kulipaka gamba tabaka baada ya tabaka. Mstari uliofifia unaouona mgongoni ndipo pindo mbili za joho zilipokutana. Mnyama akishakufa, hakuna mpakaji. Safari nyingine loweka gamba tupu kwenye maji baridi yasiyo na chumvi siku nzima, sugua kwa mswaki laini na sabuni kidogo, kausha kivulini. Usilichemshe, joto la ghafla hupasua ung'avu.

Mtoto wangu huokota makombe maji yakipwa. Lipi la hatari? (Kunduchi)

Koni, konokono mwingine wa baharini. Lipindue kombe kwa kijiti: kauri ina meno mdomoni, koni hana, ufa wake umenyooka, na gamba ni pana upande wa msokoto, jembamba upande wa pili. Akiwa hai hurusha mchomo wenye sumu, na wa *Conus geographus* umeshaua watu. Dawa ya kuizima sumu hiyo haipo, kwa hiyo mtoto akichomwa, mtulize, kiungo kisitikisike, hospitali mara moja. Kulishika "upande salama" hakusaidii, maana mchomo hufika mbali.

Naweza kuokota makombe kisiwani Mbudya? (Mbezi Beach)

Hapana. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari tangu 1975. Piga picha mgongo na mdomo, kisha liache palepale, hata likiwa tupu: kaa wa makombe huhamia humo.