Re: Dishi la karavani linakata picha upepo ukivuma

Salaam ndugu. Umesema dishi lako la stendi ya miguu mitatu linashika vizuri hapo kambini Scotland, ila upepo ukivuma picha inakatika. Usiguse LNB (kile kifaa cha kupokea mawimbi kilicho mbele ya dishi) kwanza. Shika mlingoti uutikise. Mlingoti ukizunguka, kaza skrubu zake. Kisha tundika dumu la maji la lita 10 katikati ya miguu, liwe karibu na ardhi lisibembee, na kila mguu uufunge kwa kigingi cha hema. Kulifunga dishi kwenye karavani mimi sikubali: mtu akipanda ngazi tu, linatikisika. Ikiendelea, tazama miti ya kusini-mashariki. Setilaiti ya Astra ya nyuzi 28.2 mashariki, ukiwa huko, iko kama nyuzi 20 tu juu ya upeo, hata tawi likiyumba linakinga.