Re: Digrii ya mawasiliano ni utangazaji tu?

Mambo mkuu. Umeuliza kama digrii ya mawasiliano lazima uishie kutangaza, maana kamera inakutisha na karibuni unachagua mchepuo. Hapana aisee, tuliosoma hii kitu wengi hata studio hatukanyagi. Mimi niko kitengo cha uhusiano wa umma, kutwa ni kuandika taarifa kwa vyombo vya habari, hotuba za bosi, kujibu malalamiko mtandaoni, na ofisi ikiboronga mahali ndo usiku haulali kabisa simu za waandishi zinaita tu. Wenzangu wako kwenye matangazo ya biashara, kampeni za afya, utafiti wa soko.

Cha kwanza fungua orodha ya masomo ya kila mchepuo, usidanganywe na jina, kama hamna uandishi wa vitendo, takwimu kidogo na fildi ya maana (mafunzo ya vitendo kazini), ruka. Halafu anza kukusanya kazi zako sasa hivi, hata za gazeti la chuo au ukurasa wa klabu, kwenye intavyuu mi niliulizwa nimeandika nini, GPA, yaani wastani wa alama za chuo, waliipitia juujuu tu.