Shangazi, mume wangu ananipiga vita kwa sababu ya kazi ya uanaharakati

*Shikamoo shangazi. Mimi ni mama wa miaka 33, nina watoto wawili. Mwezi Machi nilipata kazi kwenye shirika linalotetea haki za wanawake kurithi ardhi, nikahamia Kigoma kutoka Tabora. Mume wangu ni mwalimu, amebaki Ipuli na binti yetu wa darasa la tano. Mdogo wa miaka mitatu ninaye hapa Katubuka, anaangaliwa na binti wa kazi wa miaka 14 niliyemtoa kwao Kasulu. Tangu nihame sina amani. Nikipanda boti kwenda vijiji vya ziwani mume anapiga simu mfululizo, anataka kujua niko wapi. Tukikwaruzana kidogo ananikumbusha mkopo wa duka langu la vitenge ambalo nililifunga. Amemleta mama yake kutoka Urambo, sasa ndiye anayetawala nyumba yangu. Kuja kunitembelea hajaja hata mara moja, nahisi ana mwanamke. Wenzangu ofisini wanasema huo ni mfumo dume, nisiupigie magoti. Nataka talaka. Nishauri.*
*Mwanaharakati, Kigoma*

Marahaba mwanangu. Pole. Kazi mpya, mji mpya na mtoto mdogo mgongoni, vyote kwa mpigo, si mchezo. Pole yangu inaishia hapo, maana barua yako imenikera.

Nimeitafuta ndani yake siku ambayo wewe na mumeo mlikaa chini mkazungumzia kuhama, sijaiona. "Nilipata kazi, nikahamia Kigoma." Basi. Mwanamke anayedai talaka hasahau kikao ambacho mume alikubali halafu akageuka. Hilo ndilo jambo la kwanza angeniandikia. Wewe hukuliandika kwa sababu halikuwepo. Ulisaini mkataba, ukafunga mizigo, mumeo akapewa taarifa kama jirani wa nyumba ya pili.

Na wewe ndiye unayezunguka vijijini kuwaeleza akina mama kuhusu ridhaa! Unaijua Sheria ya Ndoa ya 1971 kuliko mimi. Kifungu cha 59 kinasema mwanandoa hawezi kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila mwenzake kuridhia. Mwanaume akiuza kimyakimya unamwita dhalimu, na ni kweli. Je, mke akifunga duka, akaigawa kaya na kuwatenganisha watoto, kisha mume akaambiwa mambo yameshakwisha, huyo tumwiteje?

Tuje kwenye duka hilo. Umeandika "mkopo wa duka langu" halafu ukaruka haraka. Mwenye karatasi ya mshahara hapo ni mwalimu, na naamini mkopo ni wa jina lake na makato yanaingia kwake mwezi hadi mwezi. Vitenge havipo, duka limefungwa, mshahara mpya uko Kigoma, deni liko Tabora. Halafu akilitaja unaona anakusimanga. Mwanangu, anakuomba hela. Wanaume wengi wa kwetu hawajui kumwomba mke hela, basi inatoka kwa mdomo mbaya.

Simu za kwenye boti ndizo zilizonichekesha, kisha zikanihuzunisha. Mumeo ni mtu wa Tabora. Maji mengi aliyoyazoea ni bwawa la Igombe. Sasa mke wake anapanda boti Kibirizi, imejaa magunia, madumu ya mafuta na watu, anaelekea Mwamgongo au mbele zaidi hadi Kagunga, mtandao unakatika njiani, na kila mtu amesikia ziwa Tanganyika likichafuka linafanya nini. Anapiga. Haupatikani. Anapiga tena. Ukipatikana anauliza "uko wapi?" nawe unaniandikia kwamba unachungwa! Kuna wanaume wanaochunga wake zao, nawajua, na barua za wake hao huja hapa na mambo mengine: ananipekua simu, ananikataza nguo, ananipiga. Yako haina hata moja. Yako ina mtu anayeogopa maji. Kabla hujapanda boti mwandikie, "Tunaondoka Kibirizi saa mbili, huko mtandao hakuna, nitakupigia jioni." Uone kama atapiga mfululizo.

Mama mkwe simwachi. Amekuja kutawala, umesema. Mumeo yuko darasani tangu asubuhi, binti yenu anafikia umri ambao mtoto wa kike anahitaji mwanamke mzima karibu yake, mama yake yuko mkoa mwingine. Ulitaka nani aje? Bibi ameacha shamba lake Urambo na majirani zake, amekuja kulea mjukuu ambaye mama yake hayupo. Kama amehamisha masufuria, mshukuru, masufuria hayo yanapikiwa. Ningekuwa wewe, mshahara wa mwezi huu usingeisha kabla bibi huyo hajapata kitenge na hela ya sukari, ukimtumia wewe mwenyewe kwa simu yake, si kupitia kwa mwanawe.

Huyo mwanamke unayemhisi, umemtoa wapi? Hakuna jina, hakuna aliyekuambia, hakuna senti iliyopotea. Kuna "hajaja kunitembelea" tu. Nimetafuta pia mahali ulipomwambia "karibu Kigoma", napo sikuona. Mwalimu haachi kipindi akapanda treni tu. Shule zina likizo, na mwanaume hajipeleki kwenye nyumba ambayo hakushirikishwa kuipanga. Ana kiburi chake, sikatai. Angeweza kuja hivyo hivyo, akaona mwanawe mdogo. Amenuna, na kununa kwa mtu mzima ni upuuzi. Lakini uzinzi ni kitu kingine.

Sasa keti vizuri, maana hili nimeliweka makusudi. Binti wa kazi wa miaka 14. Umemtaja kama mtu anavyotaja ndoo. Nyani haoni kundule. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamruhusu mtoto wa miaka 14 kazi nyepesi tu, isiyomzuia kwenda shule. Saa nne asubuhi, wewe ukiwa Mwamgongo unawaambia wazazi wasiwakatishe mabinti masomo, yeye yuko Katubuka anamlisha mwanao uji. Nani amemkatisha? Usiniambie kwao ni maskini, hiyo ndiyo sababu anayoitoa kila baba unayembishia kwenye mikutano yako. Tangu Novemba 2021 serikali imewafungulia mlango walioacha shule kurudi. Mrudishe kwao na nauli yake na mshahara wake kamili, ongea na wazazi wake kuhusu shule, kisha tafuta mama mtu mzima umlipe anachostahili. Hili halina mjadala, na halingoji ndoa yako itulie.

Nisieleweke kwamba nakwambia uache kazi. Kazi yako nzuri. Sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 bado zinamwacha mjane akitegemea huruma ya watoto na ndugu wa marehemu, na lazima awepo wa kulisema hilo huko vijijini. Wala kuishi mbalimbali si jambo jipya kwetu. Babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi pwani, miezi kwenda, miezi kurudi. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 ikachukua wengine. Wake walibaki, wakalima, wakasubiri, na hakuna aliyewauliza kama wanataka. Siku hizi mke naye anaondoka, vizuri, ni zamu yenu. Kinachonishangaza ni kwamba nyie wa leo mna simu mbili kila mtu, na bado mnaagana kwa stetasi. Wanandoa wanajua kudai nafasi, kudai muda, kudai kueleweka. Kumwambia mwenzako "nimepata kitu, tukae tukizungumze" ndiko kumekuwa kugumu. Mume akihama kikazi bila kuaga tunaandamana. Mke akifanya vilevile tunampongeza. Mimi siandamani wala sipongezi, naona watu wawili wasio na adabu.

Talaka unaijua njia yake: kabla ya mahakama kuna baraza la usuluhishi la ndoa. Wazee watakuuliza haya haya niliyokuuliza, tena mbele ya mama mkwe. Huna majibu. Kwa hiyo achana nayo kwanza. Mpigie mumeo leo usiku, usimpigie ukiwa ofisini. Anza na "nilikosea kuhama bila kukushirikisha", ukanyamaza, umwache aseme yote aliyoyaweka. Mwambie kuanzia mwezi huu nusu ya makato ya duka unalipa wewe. Mwambie likizo ijayo aje na binti yenu, nauli juu yako, na umpeleke Kibirizi akaone hiyo boti kwa macho yake.

Na mwenzako wa ofisini anayekuambia usipige magoti, jioni kazi ikiisha mwulize anakwenda kulala wapi. Kama anakwenda kwa mume wake, ushauri wake mrudishie.