Kwetu ilikuwa mkate na kachori

Dada, umeuliza utotoni tulikuwa tunaweka nini kwenye mkate hela ikiwa ngumu. Kwetu Magomeni ilikuwa kachori. Slesi mbili, kachori moja ya moto katikati, unaibonyeza kwa kiganja mpaka viazi vienee hadi pembeni, halafu chatne ya nazi yenye pilipili na ndimu. Chatne ikilowesha mkate ndiyo raha yenyewe. Hata mkate wa juzi unalainika, na nadhani ndiyo maana mama aliipenda.

Asubuhi Blue Band, inapakwa kisha inakwanguliwa mpaka ibaki rangi tu (kwenye siagi mama alikuwa mkono wa birika), na sukari inanyunyizwa juu ili meno yasikie kitu. Msimu wa parachichi tuliliponda na chumvi na limao. Limao linalizuia lisiwe jeusi haraka, maana la asubuhi lilitakiwa lifike saa kumi jioni.

Vile vipande vya mwisho vya mkate kila mtu alivikwepa. Bibi alivichukua, akavichovya kwenye chai ya rangi, akatucheka.